Minyoo Waliokataa Dawa

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ya huko kwenu hukata kabla hatujamaliza kuulizana hali, na hili nililo nalo halitaki kukatwakatwa. Dereva wa gari la dawa amekubali kuwa tarishi wetu kila anapoleta mzigo kwenye zahanati yako.

Umeniuliza mara nyingi nafanya nini hasa huku, nami nikikujibu "utafiti" kama mtu anayemjibu karani. Leo nakueleza. Ile dawa ya minyoo unayowapa wagonjwa wako, sisi tunaichukua, tunaibandika chembe ya metali katikati, kisha tunawamwagia minyoo tuone watafanya nini. Tulianza na zinki, minyoo wakachezacheza kama watu walioogeshwa vizuri. Tukajaribu fedha. Ikaua minyoo, ikaua na kila kitu tulichokiweka jirani. Halafu tukaja kwenye shaba.

Mchanganyiko wa dawa na shaba una rangi ya kijani inayopendeza hata mtu anaona hasara kuwamwagia minyoo. Niliutonesha penye vibuu, yaani watoto, wa minyoo wa safura, wale wanaonyonya damu utumboni, nikachungulia kwenye hadubini. Walikuwa wanajipinda kama kawaida yao. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi walikuwa wamenyooka kama njiti za kiberiti.

Nilikwenda mbio kumwita mkuu wetu wa maabara. Tunamwita Mzee Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Akaangalia, akafuta miwani, akaangalia tena. Akaniambia minyoo hawa wamelelewa maabara vizazi na vizazi, hawajawahi kuonja dawa yoyote, hata ukiwafokea watakufa. "Niletee walioikataa dawa ya zamani," akasema. "Hao wakifa, nitakaa kitako tuzungumze."

Dada, walioikataa wako kwako. Ulinieleza kuna wagonjwa wako wanaomeza dawa na kurudi na minyoo vilevile. Naomba sampuli zao za choo. Ruhusa ya kamati nimeiambatisha. Kila mtu aulizwe kwanza na akubali, na vikopo viandikwe herufi tu, bila majina. Fanya hima, maana chumba chetu kinatolewa macho na watu wanaotafiti sabuni. Mwisho wa mwaka tukiwa mikono mitupu, tutafunga virago.

Mdogo wako,
Chumvi

*

Tarehe 19 Februari

Chumvi,

Wengine hutumiwa na wadogo zao nguo na viatu. Mimi natumiwa vikopo vya choo. Haya, nimeshukuru.

Kazi ya kuwaomba watu haikuwa nyepesi. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia yeye mwenyewe hajawahi kufika chuo kikuu, haoni sababu ya choo chake kumtangulia. Lakini wengine walikubali, hasa akina mama, maana wamechoka. Unampa mtu dawa, anameza mbele yako, baada ya muda anarudi macho meupe, anahema kwa kupanda ngazi tatu za zahanati.

Baba aliniona napanga vikopo akauliza. Nikamwambia mwanao anatengeneza dawa za metali. Akaweka kikombe chini. Akataka kujua kama anawalisha watu misumari. Nikamweleza kwamba hata damu yake ina chuma ndani yake. Akafikiri kidogo, akasema kwa miaka aliyokaa chini ya magari akimeza vumbi la msasa, yake lazima iwe chuma kitupu. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele.

Nakutumia kopo A mpaka E. Hilo la E lilichelewa kidogo kwa sababu mwenyewe alikuwa anasitasita. Ni mtu mzima, ameshameza dawa mara kadhaa na haoni nafuu. Litunze.

Na usiulize kwa nini mwandiko wangu umelegea. Muuguzi mwenzangu yuko likizo ya uzazi, nafanya kazi ya watu wawili.

Dada yako

*

Tarehe 28 Machi

Dada,

Sanduku lilifika salama. Dereva anasema askari mmoja barabarani alimwamuru alifungue. Akalifungua. Askari akalifunika mwenyewe, tena kwa adabu, akamtakia safari njema.

Sasa sikiliza. Mayai yote yaliangua vibuu. Wa A mpaka D, dawa ya zamani iliua wengi wao, ingawa si wote. Lakini hawa wa E ni wababe. Niliwatia kwenye dawa ya zamani kwa kipimo cha kawaida, wakaogelea. Nikaongeza, wakaogelea. Ndipo nikawatonesha shaba, nikakaa palepale bila kwenda popote. Walilegea mmoja mmoja mpaka hapakuwa na aliyejipinda. Mzee Bado alikuja, akachungulia, akavuta kiti akakaa. Kwa mtu kama yeye huko ni kushangilia.

Lakini sahani ya kioo si tumbo. Hatua inayofuata ni kuwapa minyoo wa E panya wetu, wale wenye mashavu manene kama wamebeba mahindi, kisha kuwatibu kwa shaba. Tukifaulu hapo, watu wa sabuni watatafuta chumba kingine.

Jambo moja la dharura. Sampuli ya E ina mayai mengi mno. Mtu huyo ananyonywa damu kila siku. Tafadhali mpeleke kwa daktari apimwe damu, asisubiri. Mwambie namshukuru sana, ila ajiangalie.

Wewe nawe pumzika. Kazi ya watu wawili huua mmoja.

Chumvi

*

Tarehe 6 Mei

Dada,

Tuliwapa dawa ya shaba panya wote wenye minyoo wa E. Asubuhi hii nimefungua vizimba. Wamekufa wote.

Siwezi kuandika zaidi. Dereva anapiga honi.

Chumvi

*

Tarehe 11 Mei

Chumvi wangu,

Wamekufa wote. Nimeyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Nilikuwa na bomba la sindano mkononi, na mgonjwa wangu akaogopa akidhani nalia kwa ajili yake.

Mtoto aliyekuwa akilamba jiwe la chumvi la ng'ombe mpaka ulimi unachubuka, ndiye leo amewamaliza wababe. Nilimsomea Baba. Hakusubiri chakula, alivaa viatu akaenda kinyozi, na nywele hana. Alirudi jioni akiwa ameshawaambia watu wote waliokuwa wakinyolewa, na waliokuwa wakisubiri, na waliopita tu kuuliza saa.

Ndiyo maana leo nimekuta foleni mlangoni. Akina mama wanauliza ile dawa ya binti wa fundi inaletwa lini. Nimewaambia subirini. Sijui wasubiri nini, ila nimewaambia. Niandikie upesi.

Dada yako mwenye furaha

*

Tarehe 20 Mei

Kwa mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Mkono wangu umezoea spana. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sitakaa kimya nione kifo kikimuumbua mtoto wangu.

Dada yako anaumwa. Juzi alianguka uani akiwa na ndoo ya maji. Nilipomwinua alikuwa mwepesi na viganja vyake vyeupe kama karatasi. Nikamuuliza, akasema njaa. Nikamwambia mimi nimesikiliza injini maisha yangu yote, najua gari lililokosa mafuta na gari lenye ugonjwa. Ndipo akasema ukweli. Yule wa E ni yeye. Anawahimiza watu wavae viatu, kumbe mwenyewe huingia bustanini pekupeku kila alfajiri wakati udongo umelowa. Aliona aibu. Muuguzi ana minyoo, watu watasemaje. Wewe amekuficha ili usiache kazi yako ukaja kukaa naye.

Sasa mwanangu, dawa unayo. Umeandika mwenyewe kwamba wamekufa wote. Wale ni minyoo wake, waliotoka tumboni mwake. Nitumie hiyo dawa kwa dereva. Mimi nitampa kwenye chai, yeye hahitaji kujua. Sijawahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba.

Baba yako

*

Tarehe 23 Mei

Baba yangu,

Dereva ameahidi kugeuza leo hii hii na barua hii, kwa hiyo nasema bila kupamba.

Sitakutumia dawa. Nilipoandika kwamba wamekufa wote, nilikuwa nasema panya.

Minyoo walikufa pia, ndiyo. Lakini panya, niliokuwa nawalisha kwa mkono wangu, niliwakuta wamelala ubavu kwenye vizimba vyao, na tulipowapasua ini lilikuwa limeharibika. Dawa ile ile iliyowaua minyoo ndiyo iliyowaua wao. Niliandika upesi, nikaandika vibaya, nanyi mkasoma mlichokuwa mnakitamani. Barua ya dada ya furaha ilipofika nilishindwa kuijibu. Kila nikianza, naiona foleni ya wale akina mama.

Ungemtilia kwenye chai, Baba, ungenizikia dada.

Mpeleke hospitali kubwa leo, si kesho. Mwambie daktari kwamba minyoo wa safura wameikataa dawa ya kawaida, wampe dawa mbili kwa pamoja chini ya uangalizi, na damu yake ipimwe kabla ya kitu kingine chochote. Akikataa, mbebe. Mwambie nimejua, na sijakasirika. Kweli nimekasirika, ila nitamfokea akipona.

Mwanao

*

Tarehe 15 Juni

Chumvi,

Nakuandikia nikiwa kitandani hospitali, kwa hiyo vumilia mwandiko. Safari hii nina kisingizio cha kweli.

Baba hakunibembeleza. Aliniweka kwenye gari la jirani kama gunia la mkaa. Daktari alipoona majibu ya damu aliniangalia mimi, akaiangalia karatasi, akaniangalia tena, kama anayeuliza nimewezaje kufika nikiwa hai. Nimeongezewa damu. Nimepewa dawa mbili kwa pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Minyoo wamepungua sana lakini hawajaisha, itabidi nirudie. Leo nimepanda ngazi bila kushika ukuta.

Nilifanya upumbavu. Nilikuwa nakaa na wagonjwa siku nzima nikiwaambia maradhi si aibu, halafu narudi nyumbani nayaonea aibu yangu. Sitaki tulizungumze sana. Viatu vya mpira vya bustani nimeshanunuliwa na Baba, vikubwa, vinapiga kelele kama bata.

Kuhusu Baba. Baada ya kunileta huku alikwenda tena kinyozi. Aliwaambia watu kwamba alisema asichokijua, kwamba dawa bado haipo, na kwamba waliokufa ni panya. Mtu mmoja akacheka. Baba akamwambia acheke tu, ila mwanawe alikuwa na dawa mkononi na dada yake kitandani, na bado alikataa kumdanganya mtu.

Foleni niliikabili mwenyewe tulipopitia zahanati njiani kuja huku, nikiwa nimeshikilia meza. Wengi waliondoka. Mama mmoja alinitazama machoni akasema tumeshazoea.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukiacha kazi hiyo uje kuniuguza, nitakurudisha na dereva kama kopo. Wale ni minyoo wangu. Nimewalisha kwa damu yangu. Nina haki ya kuona mwisho wao.

Dada yako, aliyekuwa E

*

Tarehe 2 Oktoba

Dada,

Nimekaa kimya makusudi. Niliapa sitakutumia tena neno moja la haraka. Hili nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika upya, nikampa Mzee Bado alisome kabla ya kulitia kwenye bahasha.

Baada ya vile vifo nilirudi kwenye maini ya panya. Watu wa sabuni walikuwa wanapita kupima madirisha yetu kwa ajili ya mapazia. Nikajiuliza, kwa nini ini? Tukapima, tukakuta shaba nyingi imejazana humo, shaba tupu, bila dawa iliyobandikwa nayo. Hapo nikaelewa. Ilikuwa inabanduka njiani. Tulikuwa tunampa panya mzigo uliofungwa kwa kamba mbovu, kabla haujafika kwa minyoo unaanguka, na unamwangukia mwenye nyumba.

Basi sikuhitaji metali nyingine. Nilihitaji kamba nzuri. Nilianza kubadilisha ile sehemu inayoishika shaba. Nyingine zilishika mno, shaba haikutoka kabisa na minyoo wako waliogelea kama zamani. Nyingine zilikataa kuyeyuka. Mzee Bado alikuwa akija kila jioni kuuliza, nami kila jioni namjibu kwa neno lake mwenyewe, mpaka akaacha kuliona la kuchekesha. Kisha nikapata moja. Haina uzuri wowote, ni ya kahawia kama maji ya mtaro. Seli za ini kwenye sahani ziliivumilia. Minyoo wa E hawakuivumilia.

Tukawapa panya. Safari hii sikufungua vizimba peke yangu. Nilimwomba mhudumu wa wanyama afungue, mimi nikasimama mlangoni nimegeuka, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Sikuambiwa kitu. Nilisikia sauti ya meno yakitafuna mbegu. Nikageuka. Walikuwa wanakula, Dada. Wote. Mmoja alikuwa amejaza mashavu mpaka hawezi kugeuza kichwa.

Minyoo tuliwakuta kwenye kinyesi, wamenyooka. Tulipochunguza matumbo ya waliopewa dawa, karibu yote yalikuwa safi. Aliyehesabu hakujua ni kizimba kipi kilipewa dawa na kipi kilipewa maji tu ya kulinganishia, kwa hiyo hakuweza kupendelea upande wowote. Maini ni mazima.

Mzee Bado alisoma majibu akiwa amesimama. Nikasubiri lile neno lake. Badala yake alichukua simu akampigia mtaalamu mmoja wa nchi nyingine, mtu wanayebishana naye tangu ujana, akamwambia: "Nakutumia kitu. Kikosoe kwa nguvu zako zote." Halafu akaniambia niende nyumbani nikalale.

Usimwambie kinyozi. Mwambie Baba peke yake.

Chumvi

*

Tarehe 27 Novemba

Dada,

Sasa unaweza kumwambia kinyozi.

Yule mtaalamu amerudia jaribio letu lote kwa mikono yake, kwa panya wake, akiwa na nia ya kutuumbua. Amepata tulichopata. Barua yake kwa Mzee Bado ina sentensi mbili tu: "Nimekosa kasoro. Hongera kwa binti yako." Mzee Bado hana binti. Ameichapisha kwa herufi kubwa, ameibandika mlangoni.

Wakuu wamekuja. Chumba ni chetu, na cha jirani tumeongezewa. Watu wa sabuni walituletea pongezi pamoja na katoni ya sabuni, ambayo kusema kweli tuliihitaji. Kamati imeidhinisha hatua inayofuata, kujaribu kwa nguruwe, kisha vipimo vya usalama. Watu watakuja mwisho kabisa, pengine baada ya miaka, na huenda njiani tukakwama tena. Waeleze hivyo hivyo wagonjwa wako, usipunguze neno.

Lakini leo nimesimama mbele ya ukumbi uliojaa, nikawaonyesha wale vibuu kwenye skrini, wakubwa kama kamba za meli. Nikasema hawa waliikataa dawa ya zamani na walikuwa wanammaliza muuguzi mmoja. Nikawaonyesha picha ya pili, wamenyooka. Ukumbi wote ukasimama. Nilitamani ungekuwepo.

Ripoti ikitoka, wewe na zahanati yako mtatajwa kwenye orodha ya waandishi. Usibishe. Mzee Bado ndiye aliyesema, na mimi simpingi mzee.

Chumvi

*

Tarehe 9 Desemba

Mdogo wangu,

Sibishi. Nimekubali kabla hujamaliza kuandika.

Majibu yangu ya mwisho yametoka, minyoo hakuna. Dawa mbili na viatu vya bata vimefanya kazi yake. Damu imepanda mpaka daktari aliita wenzake waje waone. Baba anadai ni chuma cha ukoo.

Barua yako niliipeleka kwenye ukumbi wa kusubiria, siku ya kliniki, watu wakiwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Nilisimama, nikaisoma yote, pamoja na yale uliyosema nisipunguze. Nikawaambia waliopona ni panya. Nikawaambia bado kuna nguruwe, bado kuna vipimo, na kwamba watoto walioko mgongoni leo huenda wakawa wanakwenda shule kabla dawa haijafika kwenye dirisha langu la dawa, kama itafika. Nilijiandaa kuona wakiondoka kama safari ile.

Hakuna aliyeondoka. Yule mama aliyeniambia tumeshazoea alikuwa benchi la mbele. Akauliza, siku watakapotaka watu wa kujaribia, watawachukua wapi. Nikamjibu kwamba itakuwa kwa hiari, baada ya kuelezwa hatari zote, na mtu anaruhusiwa kukataa hata katikati.

Akasema, "Basi mwandikie mdogo wako. Mwambie asiende kuwatafuta mbali."

Nilidhani anajisemea yeye. Nilipoinua macho kutoka kwenye barua, benchi zima lilikuwa limesimama, na la nyuma yake, na waliokuwa kwenye ngazi walikuwa wanasukumana waingie.

Nimekuandikia.

Dada yako